Sahani ya Bure na Mtoto Mnene

Mnamo Septemba 2013 Nick Clegg, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Uingereza, alitangaza kwamba kuanzia mwaka uliofuata kila mtoto wa England aliye katika madarasa matatu ya mwanzo angekula chakula cha mchana shuleni bila mzazi kutoa hata senti. Hakusema watoto wa maskini. Alisema wote: wa daktari, wa dereva wa basi, wa asiye na kazi. Lawama zikaanza siku hiyohiyo, nazo zilikuwa za aina mbili. Kuna waliouliza kwa nini mlipa kodi amlishe mtoto wa tajiri. Na kuna waliouliza swali lililoonekana kuwa na akili zaidi: watoto wa nchi hii wamekwisha kunenepa kupita kiasi, nanyi mnataka kuwaongezea chakula?

Sura hii inahusu swali la pili, kwa sababu jibu lake lilikuja kinyume na walivyodhani waulizaji. Watoto walipolishwa bure, wote kwa pamoja, unene ulipungua. Haukupungua kwa kiasi cha kupigiwa vigelegele. Lakini ulipungua, na hilo ni zaidi ya kinachoweza kusemwa juu ya mabango na vipeperushi vingi vilivyosambazwa kwa miaka mingi kuwahimiza wazazi wawalishe watoto wao vizuri.

Tuanzie kwenye mizani. Tangu mwaka wa masomo wa 2005/06, England huwapima watoto wa shule za msingi za serikali, zaidi ya milioni moja kila mwaka. Mhudumu wa afya hufika shuleni na mizani na kipimo cha urefu. Watoto huvua viatu na makoti, hupanga foleni, hupanda mmoja mmoja. Hakuna anayetangaziwa uzito wake mbele ya wenzake. Matokeo hubaki kati ya wapimaji na mzazi. Kila mtoto hupimwa mara mbili: akiwa darasa la awali, na umri wa miaka 4 au 5, kisha akiwa darasa la sita, na miaka 10 au 11. Katika mwaka wa 2023/24, asilimia 9.6 ya watoto wa darasa la awali walikuwa na unene uliopitiliza. Kwa wale wa darasa la sita ilikuwa asilimia 22.1. Hapa sihesabu walio na uzito uliozidi kidogo. Ni wale ambao daktari akiwaona huanza kufikiria kisukari na shinikizo la damu. Mmoja kati ya kumi wakati wa kuingia, zaidi ya mmoja kati ya watano wakati wa kukaribia kutoka. Msomaji aziweke namba hizi mbili akilini, maana tutazihitaji.

Jambo la pili ambalo mizani huonyesha, mwaka baada ya mwaka, ni kwamba katika mitaa iliyo maskini kabisa watoto wenye unene uliopitiliza ni takriban mara mbili ya wale wa mitaa yenye nafasi. Hili humsumbua msomaji wa kwetu. Sisi tumezoea kwamba kitambi ni cha mwenye nazo, na bibi akimwona mjukuu mashavu yamejaa humshukuru Mungu kwamba nyumba ile ina chakula. Uingereza mambo yamegeuka zamani. Huko chakula cha kushibisha ni rahisi mno, na chakula cha kujenga mwili ni ghali. Mama mwenye pauni mbili mkononi na watoto watatu hawezi kubahatisha brokoli ambayo huenda wakaisukuma pembeni ya sahani. Wakiikataa, hana pesa ya kununua kingine. Atanunua kile anachojua hakitabaki: naget za kuku za kugandishwa, chipsi za oveni, mkate mweupe. Umeme wake ni wa kulipia kabla, kwa hiyo maharagwe ya kuchemka saa mbili ni anasa. Siku ya mwisho wa mwezi watoto walewale hulala na njaa. Njaa na unene havikai katika nyumba mbili tofauti. Mara nyingi ni nyumba moja, Jumatatu na Ijumaa.

Kinachonifurahisha katika historia ya chakula cha shule ni kwamba kilianzishwa ili kuwanenepesha watoto.

Wakati wa Vita vya Makaburu, kati ya 1899 na 1902, jeshi la Uingereza liliwapokea vijana waliokuja kujiandikisha kutoka miji ya viwanda na kukuta wengi hawafai: wafupi, wembamba, meno yameoza, miguu ina matege. Dola iliyotawala robo ya dunia ikashtuka kugundua kwamba haina vijana wa kutosha wa kubeba bunduki. Kamati ikaundwa, ikatoa ripoti mwaka 1904, na mwaka 1906 Bunge likapitisha sheria iliyoziruhusu halmashauri kuwalisha watoto wa shule wenye njaa. Iliziruhusu tu, haikuzilazimisha.

Bradford, mji wa viwanda vya sufu huko kaskazini, haukungoja kusukumwa. Mbunge wake Fred Jowett alikuwa miongoni mwa waliopigania sheria hiyo, na Margaret McMillan, aliyekuwa katika bodi ya shule ya mji huo, alikuwa amepiga kelele miaka mingi kwamba kumfundisha mtoto mwenye njaa ni kupoteza fedha. Mwaka 1907, katika shule ya Green Lane, daktari wa shule Ralph Crowley na wenzake waliwachagua watoto wapatao 40 kutoka nyumba maskini kabisa, wakawapa kifungua kinywa na chakula cha mchana kwa miezi kadhaa. Uji wa shayiri, mkate, maziwa. Mchana supu nzito, nyama na viazi, pudini. Meza zilitandikwa vitambaa, na wasichana wakubwa ndio waliohudumu. Crowley aliwapima watoto uzito mara kwa mara, akawalinganisha na wenzao wasiolishwa. Mchoro aliouchora bado huchapishwa katika vitabu vya historia: mstari unapanda wiki za shule, halafu unaporomoka likizo inapoanza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbele kwa miongo kadhaa. Vita vya Pili vya Dunia vilileta viwango vya lishe vya kwanza, mwaka 1941, na sheria ya elimu ya 1944 ikazilazimisha halmashauri zote kutoa chakula shuleni. Vizazi viwili vya Waingereza vilikua vikila kabichi iliyochemshwa mpaka ikapoteza rangi, vikailalamikia maisha yao yote, na havikuwa vinene.

Kisha ikaja 1980. Serikali ya Margaret Thatcher, yuleyule ambaye akiwa waziri wa elimu mwaka 1971 alikuwa amewaondolea maziwa ya bure watoto wa zaidi ya miaka saba, ilifuta wajibu wa halmashauri wa kumpikia kila mtoto, ukabaki kwa watoto wa familia maskini tu. Ikafuta na viwango vya lishe. Miaka michache baadaye halmashauri zikalazimishwa kutoa kazi ya jikoni kwa zabuni, na zabuni humpendelea mwenye bei ya chini. Majiko yakafungwa. Akina mama waliokuwa wakimenya viazi magunia kwa magunia wakabaki kufungua maboksi na kuwasha oveni.

Tulichokuja kukiona kwenye televisheni mwaka 2005, katika kipindi cha mpishi Jamie Oliver, kilikuwa mavuno ya robo karne hiyo. Oliver aliingia katika majiko ya shule za manispaa ya Greenwich, London, akakuta bajeti ya viungo ni peni 37 kwa mtoto. Soda moja ilikuwa ghali kuliko mlo huo. Kilichopata umaarufu zaidi ni Turkey Twizzlers, vijinyama vilivyosokotwa kama skurubu, ambavyo bata mzinga mwenyewe alikuwa kama theluthi moja tu. Iliyobaki ilikuwa maji, mafuta, unga na makorokoro mengine. Nchi ikaona aibu. Serikali ikaahidi pauni milioni 280, na viwango vipya vya lishe vikaletwa hatua kwa hatua kuanzia 2006.

Mwaka huohuo, huko Rawmarsh karibu na Rotherham, baadhi ya akina mama walitokea kwa sura mbaya katika magazeti: walionekana wakiwapitishia watoto baga na chipsi kwenye uzio wa shule, kwa sababu watoto walikataa menyu mpya na foleni zilikuwa ndefu. Walitukanwa nchi nzima. Mimi sikubaliani na baga zao, lakini nawaelewa. Kwa miaka 25 taifa liliwafundisha watoto wao kula vile, halafu likawageukia wazazi na kuwaita wajinga.

Wakati wote huo watoto wengi walikuwa wameshahama. Mzazi asiyestahili chakula cha bure, na asiyeona sababu ya kulipia alichokiona kwenye televisheni, alimfungia mwanawe chakula nyumbani. Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo, nacho kimo ndani ya kisanduku kidogo cha plastiki chenye picha ya katuni.

Fungua kisanduku cha kawaida cha mtoto wa Kiingereza: slesi mbili za mkate mweupe zenye siagi na kipande chembamba cha nyama ya nguruwe au jibini, pakiti ya krispi, biskuti iliyopakwa chokoleti, kiboksi cha juisi yenye sukari, pengine mtindi wa rangi ya waridi. Hakuna kitu hapo ambacho mama amekifunga kwa nia mbaya. Ana dakika kumi kabla ya kuondoka, anajua mtoto atakila chote, na kisanduku kikirudi kitupu moyo wake unatulia. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds wakiongozwa na Charlotte Evans walikagua visanduku zaidi ya elfu moja kutoka shule za msingi, wakavilinganisha na viwango ambavyo chakula cha shule kilitakiwa kuvifikia. Vilivyofaulu vyote vilikuwa kama kimoja katika kila mia. Walirudia kazi hiyo miaka kumi baadaye: bado havikufika viwili katika mia. Mboga ilikuwa mgeni wa nadra.

Sasa iweke sahani ya shule kando ya kisanduku hicho. Viwango vinavyotumika England tangu Januari 2015 havina fumbo lolote. Kila siku lazima kuwe na angalau fungu moja la mboga na moja la matunda. Vyakula vilivyozamishwa kwenye mafuta visizidi mara mbili kwa wiki. Samaki mwenye mafuta, kama dagaa au salmoni, angalau mara moja kila wiki tatu. Peremende na chokoleti hakuna, krispi hakuna, kichupa cha chumvi hakiwekwi mezani. Cha kunywa ni maji au maziwa, na juisi halisi kwa kipimo kidogo. Si mlo wa kifalme. Ni kuku wa kuoka, viazi, njegere na karoti siku ya kawaida ya Jumatano. Lakini ukiuweka badala ya kisanduku, mara tano kwa wiki, umebadilisha kitu.

Hapo ndipo waliouliza swali lile mwaka 2013 walipokosea. Walidhani chakula cha bure kinaongezwa juu ya kile ambacho mtoto anakula. Ukweli ni kwamba hakuna mtoto anayekula mchana mara mbili. Sahani ya shule inaondoa kitu na kukaa mahali pake, kwa hiyo tunapaswa kuuliza imeondoa nini.

Mpango ulipoanza Septemba 2014, watoto wa madarasa yale matatu waliokula chakula cha shule waliongezeka kutoka chini ya asilimia 40 hadi zaidi ya asilimia 80. Kumbuka kwamba maskini kabisa walikuwa wakila bure hata kabla. Walioongezeka, kwa sehemu kubwa, ni wale wa kisanduku.

Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Essex, Angus Holford na Birgitta Rabe, walitafuta njia ya kupima matokeo, wakaipata mahali ambapo wengine hawakutazama: kwenye tarehe ya mizani. Watoto wa darasa la awali hawapimwi wote siku moja. Timu ya afya inazunguka shule baada ya shule mwaka mzima. Shule hii hufikiwa Oktoba, ile Juni. Mtoto aliyepimwa Oktoba 2014 alikuwa amekula sahani za bure kwa wiki chache. Aliyepimwa Juni alikuwa amekula karibu mwaka mzima. Ukiyalinganisha makundi hayo, halafu ukaondoa tofauti za majira zilizokuwepo hata miaka ya kabla ya mpango, unabaki na kazi ya sahani peke yake. Waliokula muda mrefu zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na uzito unaofaa, na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na unene uliopitiliza. Punguzo lenyewe lilikuwa chini ya pointi moja ya asilimia. Kwa mwaka mmoja, mlo mmoja kwa siku, watoto wa miaka mitano, mimi siliiti dogo.

Kisha wakaangalia manispaa nne za London, yaani Newham, Islington, Southwark na Tower Hamlets, ambazo hazikungoja serikali kuu bali zilitumia fedha zao kuwalisha watoto wote wa shule za msingi, mpaka darasa la sita. Hizi si manispaa za matajiri. Newham na Tower Hamlets ni miongoni mwa maeneo yenye watoto maskini wengi kuliko mengine yote nchini. Huko, miongoni mwa wa darasa la awali, unene uliopitiliza ulipungua kwa karibu moja ya kumi ukilinganisha na ambavyo ungekuwa bila mpango. Kwa darasa la sita punguzo lilikuwepo pia, ila dogo zaidi.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Jaribio la serikali la 2009 hadi 2011 katika Newham na Durham lilionyesha watoto wakiwatangulia wenzao kimasomo kwa takriban miezi miwili, lakini halikuona mabadiliko katika uzito. Na kuna Marekani, ambako hadithi ilianza vibaya kabisa.

Marekani ilikuwa na chakula cha mchana cha shule cha kitaifa tangu sheria iliyotiwa saini na Harry Truman mwaka 1946. Huo ndio mpango ambao mwaka 1981 serikali ya Ronald Reagan ilipendekeza kanuni zake zilegezwe kiasi kwamba tomato sosi ingeweza kuhesabiwa kuwa mboga. Kicheko cha nchi nzima kikalizima pendekezo. Mwaka 2009 mchumi Diane Schanzenbach alichapisha utafiti uliowakosesha raha watetezi wa chakula cha shule. Aliwafuatilia watoto walioanza shule wakiwa na uzito unaofanana. Kufikia mwisho wa darasa la kwanza, waliokuwa wakila chakula cha shule walikuwa wanene zaidi ya waliobeba chakula cha nyumbani. Sababu haikuwa siri: mlo wa shule ulikuwa na kalori nyingi zaidi. Piza, maziwa yenye chokoleti, chipsi. Sahani iliondoa kisanduku, lakini kisanduku kilikuwa afadhali.

Mwaka uliofuata, 2010, Marekani ilibadili sheria. Michelle Obama ndiye aliyeipigia debe. Matunda na mboga zikaongezwa, nafaka zisizokobolewa zikaingizwa, maziwa yakapunguzwa mafuta, na kwa mara ya kwanza kalori zikawekewa ukomo wa juu. Wafanyabiashara wa vyakula walipigana. Mwaka 2011 Bunge la nchi hiyo lililinda hesabu inayoruhusu vijiko viwili vya rojo la nyanya juu ya piza vihesabiwe kuwa fungu la mboga. Hata hivyo sheria ilifanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto maskini, uwezekano wa kuwa na unene uliopitiliza ulikuwa ukishuka kila mwaka baada ya mabadiliko hayo.

Kwa hiyo neno “bure” peke yake halimpunguzi mtu. Japani wanajua hili kuliko wote. Huko watoto wa shule za msingi hula chakula kimoja, kilichopangwa na mwalimu wa lishe, wanagawiana wenyewe wakiwa wamevaa aproni na kofia nyeupe, na mwalimu anakula darasani pamoja nao. Katika sehemu nyingi wazazi walilipia viungo kwa miaka mingi, hakikuwa bure. Lakini hakuna kisanduku, na hakuna mtoto wa meza ya maskini.

Basi kama bure si dawa, kwa nini mimi natetea bure kwa wote? Kwa sababu Uingereza si Japani, na njia pekee ambayo nchi hiyo imeipata ya kukiondoa kisanduku ni kufuta bei. Angalia masharti ya chakula cha bure kwa watoto wakubwa England kuanzia Aprili 2018: familia inayopokea ruzuku ya Universal Credit ilitakiwa iwe na kipato cha kazi kisichozidi pauni 7,400 kwa mwaka baada ya kodi. Mama anayefagia ofisi usiku na kupata pauni 8,000 hakustahili. Alitakiwa kulipa zaidi ya pauni kumi kwa wiki kwa kila mtoto, na wakati huohuo mkate na pakiti ya krispi humgharimu nusu ya hapo. Mtu huyu hahitaji semina ya lishe. Hesabu anaijua.

Kuna na aibu. Mtoto anayejua kwamba anakula kwa hisani hujifunza mapema kusema hana njaa. Wote wakila, hakuna wa kunyooshewa kidole. Na watoto hula kile ambacho rafiki zao wanakula. Meza ikiwa na mtoto mmoja mwenye karoti na saba wenye krispi, karoti ile haina maisha.

Wakenya wa rika fulani hawahitaji kuelezwa hili. Maziwa ya Nyayo, yaliyoanza 1979 chini ya Rais Moi, yaligawiwa kwa kila mtoto wa shule ya msingi, na mpaka leo watu wazima hukumbuka vile vipakiti vya pembe tatu bila kukumbuka nani alikuwa maskini darasani. Leo Nairobi ina mpango wa Dishi na County, ulioanza 2023 kati ya serikali ya kaunti na shirika la Food4Education, ambapo mzazi huchangia shilingi tano na mtoto hugusisha bangili ya kielektroniki kupata sahani yake ya wali na dengu au maharagwe. Lengo la mpango huo ni njaa, kama ilivyokuwa Bradford. Lakini watoto wa mijini kwetu nao wameshaanza kunenepa, na geti la shule limezungukwa na soda, mandazi na aiskrimu za rangi. Wanaopanga menyu leo wanapanga pia miili ya miaka ishirini ijayo.

Nisimpe msomaji matumaini ya uongo. Mwaka wa shule wa England una siku 190. Hata mtoto asiyekosa siku hata moja hula shuleni takriban mlo mmoja kati ya kila sita ya mwaka. Mitano iliyobaki iko mikononi mwa nyumba, duka la kona, matangazo na simu. Shule zilipofungwa wakati wa Uviko-19, tuliona kinachotokea mlo huo ukiondoka pamoja na uwanja wa kuchezea: katika mwaka mmoja, kati ya 2019/20 na 2020/21, unene uliopitiliza wa darasa la awali uliruka kutoka asilimia 9.9 hadi 14.4, na wa darasa la sita kutoka asilimia 21 hadi 25.5. Mwaka huo wa 2020 ndio Marcus Rashford, wakati huo mshambuliaji wa Manchester United, aliyewahi kula chakula cha bure utotoni, alipoibana serikali mpaka ikakubali kuwalisha watoto maskini wakati wa likizo. Mchoro wa Crowley wa 1907 ulikuwa umeshasema hayo.

Tatizo kubwa kuliko yote ni la kihasibu. Mpango ulipoanza, serikali ililipa pauni 2.30 kwa kila mlo. Mwaka 2023 ilikuwa pauni 2.53. Kwa mfumuko wa bei wa miaka hiyo, pauni 2.30 ya 2014 ilipaswa kuwa takriban pauni 3. Tofauti hiyo hailipwi na hewa. Inatoka kwenye samaki, kwenye tunda la pili, kwenye saa za mpishi. Tumeshaona sinema hii: peni 37 ndizo zilizozaa Turkey Twizzlers. Serikali ikibana bei ya mlo kimyakimya, siku moja mtafiti atarudi na mizani na kukuta sahani imekuwa mbaya kama kisanduku, na waliopinga tangu mwanzo watasema, tuliwaambia.

Hata hivyo mwelekeo ni mmoja. Wales imewafikia watoto wote wa shule za msingi. Scotland imefika darasa la tano. London, chini ya meya Sadiq Khan, inawalisha wote wa shule za msingi tangu Septemba 2023. Na mwezi Juni 2025 serikali kuu ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 watoto wote wa familia zinazopokea Universal Credit huko England wangestahili, bila ule ukomo wa pauni 7,400. Zaidi ya watoto nusu milioni wangeongezeka. Ni hatua nzuri, na yule mama anayefagia ofisi usiku ataifurahia.

Lakini bado wamechagua wa kulishwa. Nje ya London, chakula cha wote England kinakoma mtoto anapomaliza darasa la pili, na umri wa miaka saba. Zile namba mbili nilizomwomba msomaji aziweke akilini zilikuwa asilimia 9.6 na 22.1. Sehemu kubwa ya safari kati ya ya kwanza na ya pili iko katika madarasa manne yanayofuata, yaani miaka ileile ambayo kisanduku kinarudi.